Kabla Utaridi haijakatiza Jua: mambo ya kuzingatia ukiwa Dar

Mwaka 2019 tulikosea mahali. Tarehe 11 Novemba, sayari ya Utaridi (wengine huiita Zebaki) ilianza kupita mbele ya Jua kama saa 9 na nusu alasiri kwa saa za hapa, nasi tukabeba darubini zetu hadi Coco Beach. Ni mazoea tu. Mwaka 2012 ufukwe ulitufaa: Jua lilichomoza baharini likiwa tayari na doa la sayari ya Zuhura ikipita mbele yake, tukaitazama mpaka muda mfupi kabla ya saa 2 asubuhi. Lakini bahari ya Dar iko mashariki, na Jua la jioni halina shughuli huko. Kufikia saa 11 lilikuwa limejificha nyuma ya miti na maghorofa, na bado zaidi ya saa nzima ilikuwa imebaki kabla halijazama. Mwenzetu mmoja aliyebaki nyumbani Kimara, juu ya kilima, aliona kuliko sisi sote.

Kwa hiyo cha kwanza cha kujiuliza ni Jua litakuwa wapi saa hiyo. Mpito ujao wa Utaridi ni Jumamosi tarehe 13 Novemba 2032. Hapa utaanza kama saa 3:41 asubuhi, utafika katikati saa 5:54, na kwisha saa 8:07 mchana. Yaani saa nne na nusu hivi, na zote tutaziona. Siku hiyo Jua la adhuhuri litakuwa karibu utosini, limeinama kidogo tu upande wa kusini. Ghorofa halitakuzuia tena. Kitakachokusumbua ni darubini yenyewe. Ikielekea juu kiasi hicho, mkia wake hugonga miguu ya stendi, na zile za kuzungusha kwa mkono juu ya kibao huwa nzito kufuatisha. Jaribu adhuhuri moja mapema. Ukiona unalazimika kupiga magoti kuchungulia, tafuta kioo cha pembe, kile kinachopindisha mwanga ili uchungulie kwa ubavu, na kigoda.

Kivuli nacho ni cha kupanga. Anayehitaji kivuli ni wewe, darubini ikae juani. Mwavuli mkubwa wa muuza matunda unatosha. Chini kuwe na majani au mchanga. Zege na paa la bati hupandisha hewa moto inayofanya ukingo wa Jua uchezecheze kama sufuria inayochemka, na kitu kidogo kama Utaridi hupotea humo.

Ni kidogo kweli. Chora duara la upana wa sentimita 19 liwe Jua: Utaridi ni kitone cha milimita 1, wakati Zuhura ingekuwa kama milimita 6. Ndiyo maana Zuhura wengi waliiona kwa miwani ya kupatwa kwa Jua bila darubini, ila kwa Utaridi miwani hiyo haikusaidii kitu. Unahitaji ukuzaji wa mara 50 hadi 100. Gawanya urefu wa fokasi ya darubini (umbali kutoka lenzi au kioo chake kikuu hadi mwanga unapokusanyika) kwa ule wa lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia: milimita 700 kwa 10 ni mara 70, inafaa. Pierre Gassendi, mtu wa kwanza kuona mpito wa namna hii, Paris mwaka 1631, alishangazwa na udogo wake hata akadhani mwanzoni ni doa la kawaida la Jua. Doa huwa na kingo zilizochakaa na kivuli cha kijivu kulizunguka. Utaridi ni duara safi, jeusi tii, na ukirudi baada ya nusu saa utaikuta imesogea.

Sasa chujio, na hapa sina mzaha. Liwe la Jua hasa, na lifungwe mbele, kwenye mdomo wa darubini. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho, vilivyokuwa vikija na darubini za bei rahisi, tupa. Joto lote hukusanyika hapo, kioo hupasuka, na jicho liko nyuma yake. Kioo cha fundi wa kuchomelea mageti nacho kiache kwa fundi. Ukinunua karatasi ya chujio, itengenezee fremu ya boksi gumu, imulike kwa taa kutafuta vitobo, kisha ibane kwa gundi ya utepe pande zote, maana upepo wa Dar hauombi ruhusa. Kidarubini cha kulengea kifunike au king'oe kabisa. Utalenga kwa kuangalia kivuli cha darubini chini: kikiwa kifupi kuliko vyote, umelipata Jua. Na watoto watakuja, hawakosi, kwa hiyo awepo mtu mzima mmoja ambaye haondoki hapo hata kwenda kununua maji.

Halafu mawingu. Novemba ni msimu wa vuli, na hapa pwani wingu likiamua kukaa limekaa. Uzuri ni kwamba saa nne na nusu ni nyingi, upenyo mmoja unatosha. Mimi hata hivyo nitafuatilia utabiri kuanzia Jumatano, na ukiwa mbaya nitapanda treni ya SGR Ijumaa kwenda Dodoma, ambako mvua kwa kawaida huchelewa kuliko kwetu. Ukiikosa hii, kuna nyingine tarehe 7 Novemba 2039, nayo itaonekana hapa mchana. Ya Zuhura ni mwaka 2117.

Dakika mbili za mwisho, sayari inapogusa ukingo na kutoka, acheni kupokezana. Kila mwenye darubini abaki kwenye yake. Ikishatoka, geuza darubini pembeni, mbali na Jua, ndipo ufungue chujio.