Oveni haipashi: utengeneze au ununue nyingine? (Somo)

Wengi huanza na bei. Anza na kujua kipi hasa kimekufa, kwa sababu oveni ni sanduku la bati lililobebeshwa vifaa vichache: koili ya kupasha, thamostati (kidhibiti joto), swichi ya kuchagua, feni, na siku hizi bodi ya umeme. Sanduku likiwa zima, karibu kila kilichomo kinabadilishika. Likiwa limeoza, hata spea ya kupewa bure ni hasara.

Somo hili ni la oveni za umeme na za gesi. Maikrowevu haimo, na usiifungue kwa maelezo haya: kapasita yake inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mbovu kweli

Umeme ukikatika na kurudi, saa ya oveni huanza kumweka 0:00 au 12:00. Oveni nyingi za aina hiyo hazipashi mpaka saa irekebishwe. Taa ya ndani inawaka, feni pengine inazunguka, joto hakuna. Fundi anaitwa, anabonyeza vitufe viwili, anadai nauli na ufundi. Angalia pia alama ya ufunguo kwenye kioo cha saa (kufuli la watoto), na kwa oveni ndogo za mezani, taimeri ya kuzungusha: ikiwa kwenye sifuri umeme haufiki kwenye koili.

Hatua ya 2: Kata umeme

Chomoa plagi. Kama oveni imeungwa moja kwa moja ukutani, zima breka yake, kisha hakikisha kwa testa kwenye tamino (ncha zinapoungwa waya). Kuzima kitufe cha oveni hakutoshi, maana upande mmoja wa koili unaweza kubaki na umeme.

Hatua ya 3: Kagua na upime koili

Oveni ya kawaida ina koili ya chini na ya juu (grili). Yenye feni ya joto huwa na koili ya duara inayoizunguka feni, nyuma ya bati la mwisho. Koili ni bomba la chuma lenye waya mwembamba katikati, uliozungushiwa unga mweupe wa magnesia usiopitisha umeme. Waya ukikatika kwa kishindo huacha alama: uvimbe, au kitobo cha ukubwa wa punje ya mahindi chenye unga mweupe ukingoni. Ukiona hivyo, kupima ni kujiridhisha tu.

Kama haina alama, chomoa angalau waya mmoja wa koili, la sivyo utakuwa unapima na vifaa vingine vilivyoungwa nayo. Weka multimita kwenye omu. Namba unayoitafuta ni volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye koili. Kwa umeme wa volti 230:

- wati 1,200: omu 44 hivi
- wati 2,000: omu 26 hivi
- wati 2,500: omu 21 hivi

Ikipishana kidogo si neno. Isiposoma kabisa, waya umekatika. Sasa chomoa na waya wa pili, weka ncha moja ya multimita kwenye tamino na nyingine kwenye bomba la koili. Hapo isisome chochote. Ikisoma, hata namba kubwa, koili inavujisha umeme kwenye bati na ndiyo inayokuangushia breka.

Kabla hujaihukumu koili, tazama klipu za waya wake. Klipu iliyolegea hupata moto, inakuwa nyeusi, na ganda la waya linakakamaa na kuvunjika ukiligusa. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha bana klipu mpya ya kuhimili joto. Waya uwe wa ganda la silikoni au la nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba umetengenezwa kwa nyuzi joto 70 hivi, humo utayeyuka. Wala usiunge waya kwa risasi ya kuchomelea: ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 183, na wewe unaoka kwa 200.

Hatua ya 4: Thamostati, feni na bodi

Oveni inapasha lakini inaunguza au inachelewesha? Weka kipimajoto cha oveni katikati, chagua 180, subiri nusu saa, kisha andika kiwango cha juu na cha chini kwa mizunguko mitatu. Kuyumba nyuzi 10 hadi 15 kila upande ni kawaida. Joto likiendelea kupanda mpaka 250 na taa ya kupasha haizimi, kontakti (ncha za ndani zinazokata umeme) zimegandana. Usiitumie tena hata mara moja. Thamostati ya zamani ina kijibomba chembamba cha shaba chenye kidole chake ndani ya oveni. Wanaokwangua mafuta kwa kisu hukikunja au kukitoboa, na kikitobolewa hakizibwi. Mpya lazima iwe na kiwango kilekile cha juu cha joto na urefu wa kijibomba uliotosha.

Oveni za bodi hutumia kihisi cha joto badala ya kijibomba. Aina iliyoenea, PT1000, husoma omu 1,080 hivi kwenye nyuzi 20. Kihisi kikisoma sawa, koili ikiwa sawa na waya zikiwa sawa, bodi ndiyo mtuhumiwa, na bodi ndiyo spea inayoua hesabu. Kabla ya kuinunua, angalia feni ya kupoza iliyo juu ya oveni. Ikiwa imekwama, bodi mpya nayo itaiva.

Hatua ya 5: Sanduku lenyewe

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo mafundi wengi hawaangalii.

Funga karatasi kwenye mlango na uivute, ukizunguka pande zote. Iwe na ubishi. Raba iliyokakamaa hubadilishwa kwa dakika tano. Angalizo: baadhi ya oveni hazina raba upande wa chini tangu kiwandani, kwa hiyo karatasi kuteleza hapo si ubovu. Bawaba zilizochoka pia hubadilishwa. Lakini tundu la bati ambamo bawaba hushika likiwa limepasuka au kupanuka, mlango hautakaa sawa tena.

Sakafu ya ndani: enameli iliyobanduka kidogo ni sura tu. Kutu iliyotoboa bati ni mwisho, kwa sababu mafuta yanapenya mpaka kwenye pamba ya kuzuia joto. Ondoa bati la nyuma uitazame pamba hiyo. Ikiwa imelowa mafuta inaweza kushika moto, na panya wakiwa wameweka kiota, waya nazo huwa zimetafunwa. Hapo nunua nyingine.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Jumlisha spea, ufundi na usafiri. Ikiwa chini ya theluthi ya bei ya oveni mpya ya daraja hilohilo, tengeneza. Ikizidi nusu, nunua. Katikati hapo, umri ndio unaoamua: oveni nyingi huhudumu miaka 10 hadi 15, kwa hiyo ya miaka 5 itengeneze, ya miaka 12 iache. Kama bado ina waranti, usifungue hata skrubu moja.

Ukiamua kununua, pima nafasi na usome wati. Plagi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990. Oveni ya wati 3,600 inataka laini yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, oveni ilikaa miezi bila kutumika. Sasa nikiwasha tu, breka ya kuvuja umeme inaanguka. Nitupe koili?*

Bado. Magnesia hunyonya unyevu. Itoe koili, ikaushe saa moja au mbili kwenye oveni nyingine, nyuzi 110 hivi, kisha irudie kupima tamino kwa bomba. Isiposoma, irudishe. Breka ikianguka tena, nunua mpya. Na asikudanganye mtu ukate waya wa erthi ili breka isianguke. Bati lote litakuwa na umeme.

*Fundi, wamekosa koili ya wati 2,000, ipo ya 2,500. Niifunge?*

Hapana. Kwa volti 230 utatoka ampea 8.7 hadi 10.9, na swichi na waya za ndani zilichaguliwa kwa ile ya kwanza. Tafuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ukingoni mwa mlango.

*Yangu ni ya gesi. Inawaka nikishikilia kitufe, nikiachia inazima.*

Thamokapo. Ni ile ncha ya chuma inayotakiwa kuogeshwa na moto. Ifute masizi kwa msasa laini, hakikisha imo ndani ya mwali, na kaza nati yake kwa vidole kisha robo mzunguko kwa spana. Shikilia kitufe sekunde 10. Ikiendelea kuzima, badilisha, ni spea ndogo. Ukishagusa bomba lolote la gesi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha.

*Na moto ukiwa wa njano?*

Hewa haitoshi: nozeli imeziba, tundu la hewa limefungwa, au nozeli si ya gesi unayotumia. Usioke hivyo, kwa kuwa unazalisha monoksidi ya kaboni. Safisha kwa mswaki na hewa. Usichokoe tundu kwa sindano, ukilipanua nozeli imeharibika.

*Kioo cha ndani cha mlango kimepata ufa mdogo. Kinaweza kusubiri?*

Hakisubiri. Kioo hicho kina mkazo ndani yake, kinaweza kumwagika chote oveni ikiwa moto. Kinauzwa peke yake, ila pima upana, urefu na unene kwa milimita, na uhesabu matundu.