Kukimbia Minneapolis Wakati wa Theluji: Kwanza Jua Pa Kuegesha Gari

Minneapolis imejaliwa njia za kukimbilia ambazo miji mingi ya Marekani haina, na sioni kwa nini Wakenya wa Brooklyn Park na Watanzania wenzangu waliotawanyika pembezoni mwa jiji walipie ukumbi wa mazoezi mwaka mzima. Ziwa Bde Maka Ska, ambalo wenyeji wengi bado huliita Calhoun, lina mzunguko wa kilomita tano hivi. Ziwa Harriet ni fupi kidogo. Na Midtown Greenway, iliyopita kwenye handaki la reli ya zamani, inakata mji kutoka maziwani hadi jirani na mto Mississippi. Baiskeli zina njia yake, nawe kimbia ya waendao kwa miguu. Vaa nguo za tabaka, na viatu uvivalishe vyuma vya kuzuia kuteleza.

Kinachoumiza watu ni gari. Theluji nyingi ikianguka, jiji hutangaza dharura ya theluji, na kanuni za maegesho hubadilika kwa siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, huruhusiwi kuegesha kwenye barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, huruhusiwi kuegesha upande wa nyumba zenye namba shufwa katika mitaa ya kawaida, wala upande wowote wa barabara za bustani (parkways). Siku ya tatu, saa zile zile, ni zamu ya upande wa namba witiri. Isome tena siku ya pili, kwa maana barabara za bustani ndizo hizo zinazozunguka maziwa, mahali hasa anapoegesha mkimbiaji.

Mimi niliegesha kando ya Ziwa Harriet asubuhi yenye jua kali, theluji ikiwa imekoma tangu jana yake. Mzee mmoja mwenye mbwa alilitazama gari, akanitazama, akanitakia mbio njema, akaendelea na safari yake. Niliporudi gari halikuwepo, limeshavutwa; palikuwa na alama za magurudumu na tuta la theluji lililosukumwa na greda. Ndio ustaarabu wa watu wa huku: watakusalimia vizuri sana, lakini kukuonya wanaona ni kuingilia mambo yako.

Kwetu gari likifungwa mnyororo, walau unamkuta mtu wa kumsihi, na ndugu zetu wageni hudhani huku nako yupo. Hayupo. Liko dirisha la yadi yanakopelekwa magari yaliyovutwa, na nyuma yake karani anayedai kitambulisho, hati ya gari, gharama ya kuvuta na ada ya kila siku gari linapolala pale. Gari lenyewe lilikuwa la shemeji, nami sikuwa na karatasi hata moja yenye jina langu. Ikabidi tumsubiri atoke zamu ya usiku, ada ikiendelea kupanda. Kwa hiyo, shangazi na wajomba mnaowaazima watoto magari kwa moyo mweupe, upendo wenu tunauona, lakini hakikisheni hati ya gari mnajua ilipo kabla ya kutoa funguo.

Narudia: anga kuwa jeupe si ruhusa, na barabara kuonekana safi si ruhusa. Tangazo la jiji la jana jioni ndilo linalohesabika, hivyo jiandikishe kupokea ujumbe wake kwenye simu hata kama unaishi kitongoji kingine. Wala usibebe kanuni hizi ukavuka nazo mto kwenda kukimbia Ziwa Como, kwa sababu Saint Paul ina utaratibu wake na saa zake.

Siku za dharura liache gari nyumbani kama una pa kuliweka nje ya barabara. Panda treni ya Blue Line, shuka kituo cha 50th Street, tazama maporomoko ya Minnehaha yalivyoganda, kisha fuata kijito kuelekea Ziwa Nokomis.