SOMO: Kununua vijaluba vya kadi vya fedha (vya Birmingham) bila kuingizwa mjini

Wakuu salama? Naandika hii mara moja iwe imeisha, maana inbox yangu imejaa picha za giza zilizopigwa juu ya godoro na swali ni lilelile, "mkuu hii ni silva kweli?". Kuanzia leo nakutumia linki ya uzi huu halafu naendelea na shughuli zangu.

Kwa wasiojua: ni vile vijaluba bapa ambavyo watu wenye uwezo Uingereza ya karne ya 19 walibebea kadi za majina. Unaenda kumtembelea mtu, unampa mtumishi kadi mlangoni, mwenyewe akitaka anakupokea, asipotaka unaambiwa katoka. Vya kike ni vikubwa, kama sm 10 kwa 7, vya kiume vidogo na vingine vimepindwa kidogo vikae vizuri mfukoni. Vingi vya maana vimetoka Birmingham, na vinavyogombewa ni vile vya miaka ya 1830 na 1840 vyenye jengo limeinuka kwa mbele, kasri au kanisa. Jina utakalolisikia mpaka uchoke ni Nathaniel Mills, chapa yake NM, ila akina Joseph Willmore, Taylor & Perry na Edward Smith nao msiwadharau, kazi yao nzuri na bei mara nyingi inakuwa na huruma kidogo.

HATUA YA 1. Tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Kamera ya simu haitoshi, tusibishane.

HATUA YA 2. Soma chapa. Za Birmingham unatafuta nanga (ndo alama ya ofisi ya upimaji ya mji huo, ipo tangu 1773), simba anayetembea (maana yake fedha ya 925), herufi ya mwaka, herufi za fundi, na kichwa cha mfalme au malkia, hicho ni cha ushuru kwa hiyo unakikuta kwenye vitu vya 1784 mpaka 1890 tu. Kichwa cha Victoria kinatazama kushoto, George IV na William IV wanatazama kulia. Herufi ya mwaka usiisome peke yake, angalia na mwandiko wake. U ya mwandiko wa kigothi ni 1843, U kubwa ya kawaida ni 1869. Herufi ileile, miaka 26 katikati, na hapo ndo watu wanauziwa kitu cha 1869 kwa hadithi ya 1843. Kingine, herufi zilikuwa zinabadilishwa Julai, kwa hiyo kila moja inagusa miaka miwili.

Ukiona EPNS hata kama imegawanywa kwenye vingao vidogo vinne vya kupendeza, hiyo ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha juu. Elkington walipata hataza ya kupaka fedha kwa umeme 1840 hapohapo Birmingham na baada ya hapo soko likajaa. Sio dhambi kununua, dhambi ni kulipia bei ya fedha.

HATUA YA 3. Fungua kifuniko utafute chapa na hapo pia. Mara nyingi kinakuwa nazo chache, simba na herufi au fundi. Zisipoendana na za mwilini, una vijaluba viwili vilivyofungishwa ndoa.

HATUA YA 4. Bawaba. Fungua funga polepole, kifuniko kikae sawa bila kusukumwa. Pembeni ya bawaba ukiona madoa ya kijivu yaliyofifia hiyo ni lehemu ya risasi, fundi wa mtaani kapita hapo, na kuiondoa ni kazi ya gharama.

HATUA YA 5. HEMA JUU YAKE. Hii someni vizuri kwa sababu ndo iliyonila mimi pesa nzima nzima. Vijaluba hivi vilikuwa na kingao kidogo cha kuchonga herufi za mwenye mali. Mtu akija kukiuza baadaye, au kukirithi, anasugua zile herufi zitoke, na kila akisugua fedha inapungua. Kwa macho unaona pameng'aa vizuri tu, pasafi kabisa. Sasa kihemee kama unavyohemea miwani kabla ya kuifuta: ule mvuke ukikaa, kwa sekunde mbili tatu hivi unaweza kuona kivuli cha herufi za zamani, na ukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha unaona pale mahali pamebonyea. Gusa kwa kidole gumba taratibu, pakirudi ndani kidogo kama bati la kopo basi pamebaki pembamba na siku moja patatoboka. Sio hilo tu, mvuke huohuo unaonyesha mstari wa lehemu. Mimi nilinunua kimoja chenye kasri la Warwick mbele, chapa zote safi, nyumbani nikakihemea ndo nikaona mstari umezunguka picha nzima, yaani kilikuwa kijaluba cha nakshi za kawaida, mtu kakata katikati akapachika kasri. Chapa za kweli, fundi wa kweli, kasri la kubandikwa! Muuzaji akanijibu aliuza "kama kilivyo". KWA HIYO: hema mbele, hema nyuma, hema kwenye kingao, hema kuzunguka chapa zenyewe maana na chapa nazo zinakatwa kwenye kijiko kilichovunjika zikapachikwa. Muuzaji akikushangaa mwache ashangae. Akikukatazia, aga.

Na utumie akili ya kawaida pia. Crystal Palace (lile jumba la vioo la London) ilijengwa kwa maonyesho ya 1851. Ukikuta imechorwa kwenye kijaluba chenye herufi ya 1843, hata usiheme.

HATUA YA 6. Ingia chumba cha giza, tia taa ya simu ndani ya kijaluba. Vitundu utaviona kwenye sehemu zilizoinuka zaidi, ncha za minara na pembe nne.

HATUA YA 7. Bei. Windsor, Warwick, Kenilworth na Abbotsford (nyumba ya mwandishi Walter Scott) ndo zimejaa, usilipe bei ya nadra. Jengo lisiloonekana sana ndo linapandisha. Mnadani kumbuka kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi robo ya bei au zaidi, na kodi juu yake, watu wanasahau halafu wanalia.

HATUA YA 8. Usikitie kwenye dawa ya kuchovya. Ule weusi uliolala kwenye mabonde ya nakshi ndo unaolifanya kasri lionekane. Kitambaa laini, mkono mwepesi, mara chache.

Maswali karibuni, ila someni kwanza.

———

Chuma_cha_Pua: Mkuu mimi ninacho hapa kina simba. Ni shilingi ngapi?

Mwenye uzi: Simba peke yake hajataja mji, mwaka wala fundi. Rudi hatua ya 2.

Chuma_cha_Pua: Si useme tu makadirio, mbona unajifanya profesa

Mwenye uzi: Makadirio ya kitu nisichokiona? Sawa, ni kati ya kidogo na kikubwa.

DadaWaTanga: Asante kwa somo kaka. Swali, nimeona vingine mtandaoni vinaandikwa vya kumwagwa kwenye kalibu, kwamba mtu anachukua kijaluba cha kweli anakitengenezea kalibu. Hapo chapa si zitakuwa sahihi zote? Mtu utajuaje?

Mwenye uzi: Dada hili ndo swali. Ndio, chapa zinakuja pamoja na kitu chenyewe, na ndo maana lenzi ni lazima. Chapa ya kweli imepigwa kwa nyundo na chuma, kingo zake kali, na mara nyingi ukipapasa upande wa pili wa bati unasikia papo tofauti kidogo. Ya kumwagwa kingo zake zimelainika, ndani ya herufi kuna vijitundu vidogo vidogo kama vya uji ulioganda, na kitu chenyewe kinakuwa kizito isivyo kawaida. Vya kweli vilipigwa kutoka kwenye bati jembamba kwa mashine, kwa hiyo ukiangalia ndani unaliona kasri kwa kinyume, mabonde pale penye minara. Ndani kukiwa tambarare na nje kumeinuka, uliza maswali.

DadaWaTanga: Hilo la kuangalia ndani sikuwahi kulisikia. Na vile ambavyo kasri limechongwa tu, halijainuka?

Mwenye uzi: Hivyo ni halali kabisa, kadiri unavyoingia miaka ya 1850 ndo unavikuta kwa wingi. Bei iko chini. Kwa anayeanza ningemshauri aanzie huko, kosa lake halitomuuma sana.

bingwa_wa_mnada: Kuhema kunaharibu fedha bana, unyevu ule. Umeandika kitu hatari

Mwenye uzi: Pumzi ya sekunde tatu unayoifuta? Kitu kimekaa England ya mvua miaka 180. Kama una sababu ya kitaalamu ilete, kama huna tupishe.

Mjukuu_Unguja: Shikamoo mkuu. Bibi yangu marehemu kaacha kijaluba kama hivi, ila hakina nanga wala simba, maua na majani yamebanana mpaka kwenye kingo hakuna pa kuweka kidole, na chini kuna O.M na neno BHUJ. Sonara wa hapa mjini anasema sio fedha kwa kuwa hakina namba, lakini anataka kukinunua kwa kilo.

Mwenye uzi: Marahaba, na pole kwa msiba. USIMUUZIE. Anasema sio fedha halafu anataka kukipima kama fedha, hebu mtazame vizuri. O.M. ya Bhuj ni chapa ya Oomersi Mawji, fundi wa Kutch (eneo la magharibi ya India, Bhuj ni mji wake) mwenye jina kubwa sana mwisho wa karne ya 19, na hayo majani yaliyobanana ndo mtindo wa Kutch wenyewe. India hawakuwa na utaratibu wa simba na nanga, kwa hiyo kukosa chapa hizo hakukihukumu. Na Wakutchi na Unguja ni watu wa siku nyingi, sishangai kimefika hapo. Ila chapa ya jina peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa hiyo nitumie picha ya chini, ya ndani na ya bawaba, mchana, dirishani, bila flashi. Bibi alikuwa anakitumia kwa nini?

Mjukuu_Unguja: Alikuwa anatia tambuu na karafuu. Bado kinanukia.

Mwenye uzi: Basi kifute kwa kitambaa kikavu tu, usikioshe. Hizo picha nazisubiri kwa hamu.

kaka_Mississauga: Vipi vile vya pembe za ndovu na ng'amba, huku vinauzwa rahisi sana, nataka nije navyo Dar

Mwenye uzi: Acha kabisa. Pembe na ng'amba ni vitu vya CITES (mkataba wa kimataifa unaobana biashara ya wanyama na mimea walio hatarini), uwanja wa ndege hakuna atakayesikiliza habari za antiki. Uingereza yenyewe biashara ya pembe imefungwa tangu Juni 2022, zimebaki ruhusa chache sana. Inauma kwa sababu pembe nyingi za karne ile zilipitia Unguja, lakini ndo hivyo. Ukitaka cha bei nafuu tafuta vya lulumizi.

Mtoto_wa_Kizingo: Mimi niko Mombasa, kila nikisafisha baada ya wiki mbili kinakuwa cheusi tena, na nimekifunga vizuri na gazeti na raba bendi.

Mwenye uzi: Ndugu yangu, umekifunga na ugonjwa wenyewe. Raba ina salfa, na salfa ndo inayoleta weusi, na gazeti nalo halifai. Tumia tishu isiyo na asidi, kisha mfuko wa zipu.

DadaWaTanga: Mimi natia na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, pwani vinasaidia. Ila vinachoka, nakausha juani nusu siku.

Mwenye uzi: Nunua vile vinavyobadilika rangi vikishiba unyevu dada, utajua lini vya kubadilisha. Na usiviache vikagusana na fedha yenyewe.