Kumnoa kijana kisoka bila kumharibu magoti

Hapa Malindi nanoa watoto wa miaka 10 hadi 15. Ikiisha swala ya alasiri tu, wameshajaa uwanjani. Moyo wanao. Wasiwasi wangu ni sisi makocha, tunaowabebesha mazoezi ya timu za ligi: mbio za kupanda na kushuka mchanga, kubebana mgongoni, kuruka kichura mpaka mtu atapike. Mtoto akitapika umemzidishia, basi.

Mifupa ya mtoto hurefukia kwenye sehemu laini za gegedu karibu na ncha zake, na baadhi ya kano za misuli zimejishika hapo hapo. Ukimrusha na kumpigisha mashuti kila siku, kano inavuta palipo laini. Akilalamika maumivu chini ya pia ya goti, mkalishe, bonyeza kwa kidole gumba kile kinundu cha juu ya ugoko. Akishtuka, au kikiwa kimevimba kuliko cha mguu wa pili, yaelekea ni ule ugonjwa ambao madaktari huuita Osgood-Schlatter. Wengine, hasa wa miaka 8 hadi 14, huumwa kisigino: kibinye kwa pande zote mbili umtazame uso. Mtoto anayeondoka uwanjani akichechemea, akikanyagia vidole, usimwambie ajikaze. Mpunguzie mbio na kuruka mpaka maumivu yatulie. Yakimwamsha usiku, au akishindwa kukanyaga, mpeleke hospitali.

Mimi hutumia chaki. Kila mwanzo wa mwezi nawasimamisha ukutani, nachora mstari juu ya kichwa na kuandika jina. Anayefyatuka ghafla ndiye wa kuchungwa. Wasichana hutangulia, wavulana wengi hufuata kwenye miaka 13 au 14. Katika kipindi hicho miguu humchanganya, pasi alizokuwa akizitoa vizuri zinapotea, na watu humwita mvivu. Si uvivu hata kidogo, wallahi, na inaniuma nikisikia akigombwa. Mtoe kwenye kuruka na mbio za mchanga, mpe kazi ya kupokea mpira na kupiga pasi fupi.

Saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka yake: wa miaka 12, saa 12, shule na timu ya mtaa zikihesabiwa pamoja. Muulize mwenyewe anachezea wapi kwingine, maana kila kocha hudhani mtoto ni wake peke yake. Siku ngumu isifuatane na siku ngumu, na apate walau siku moja bila mpira kabisa.

Kabla ya mazoezi, pasheni mwili kwa utaratibu wa FIFA uitwao 11+ Kids, wa miaka 7 hadi 13: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa bila kuingia ndani, hata namna ya kuanguka. Mkienda ufukweni, ngojeni maji yakupwe mkimbie kwenye mchanga mgumu. Ule mwepesi wa juu huchosha shavu la mguu na kano ya kisigino.

Joto la kaskazi, Januari hadi Machi, lina hesabu yake. Anza saa kumi na nusu au baadaye, maji kila baada ya dakika 15 au 20, kivuli wakati wa mapumziko. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo. Muhogo na samaki vilivyotiwa chumvi baada ya mazoezi hurudisha zaidi. Mwezi wa Ramadhani, kwa wanaofunga, mimi huweka mpira mwepesi tu karibu na magharibi, na mbio hazimo.

Mtoto akianza kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, simamisha kila kitu. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji mwili mzima huku mwenzake akimpepea, na mwingine apige simu kutafuta gari. Usimnyweshe maji kama hajitambui. Kumpoza kusisubiri gari lifike.