Banda la gari la nguzo: hela iende chini ya ardhi kwanza

Wakuu, watu wengi Dar wakitaka kujenga banda la gari wanaanza kuulizia bati, rangi gani, geji ngapi, mtindo gani wa paa, na nguzo wanamwachia fundi atafute mirunda popote. Mimi nasema geuza hiyo. Banda la nguzo halina msingi wa mawe wala ukuta unaobeba paa, kila kitu kinabebwa na nguzo zilizozama ardhini, kwahiyo ile mita moja ambayo hakuna atakayeiona ndo inaamua banda lako liishi miaka mingapi. Wenzetu Marekani wanajenga hivi kwenye mashamba toka miaka ya 1930, maghala, mazizi, gereji, na kwa Dar inatufaa sana mana hewa inapita, kazi inaenda haraka na simenti haiishii kwenye kuta. Ila kule hawana mchwa wa Mbagala wala chumvi ya Kigamboni, kwahiyo ukiona video zao usichukue kila kitu kama kilivyo.

Kabla ya kununua chochote pitia serikali ya mtaa na uulize manispaa yako kuhusu kibali cha ujenzi. Usidanganyike kwamba ni kibanda tu, ukishamwaga zege na kupaua hilo ni jengo. Angalia pia upande wa jirani, maji ya paa lako yasimwagikie kwake, hiyo peke yake inaleta kesi zisizoisha. Na panga kazi isiangukie masika, Machi mpaka Mei, mana shimo likijaa maji kazi inasimama na vibarua wanataka hela yao. Juni mpaka Septemba ndo muda mzuri.

Vipimo. Gari moja linataka upana mita 3.5 na urefu mita 6, hapo mlango unafunguka vizuri na unaweza kuzunguka. Magari mawili fanya 6 kwa 6, na hiyo ndo ntaitumia hapa. Nguzo unapanga pande mbili za kushoto na kulia, tatu tatu, kila baada ya mita 3, na moja katikati nyuma, jumla saba. Mbele unaacha wazi mita 6 zote, kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa, zitavuka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, hakuna nguzo ya katikati ya kugonga ukirudi usiku umechoka.

Sasa nguzo zenyewe. Mrunda mbichi wa mkaratusi ukiufukia ardhini Dar unaishi miaka michache tu, unaoza pale pale usawa wa udongo ambapo kuna maji na hewa kwa pamoja, na mchwa wanamalizia. Tafuta nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za rangi ya kijani kijani kama za umeme, nyingi zinatoka Mafinga, Iringa na Njombe. Chukua za urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 15 hivi au zaidi. Hapa kuna jambo mafundi wengi hawalijui: dawa inaingia sehemu ya nje ya mti, kiini cha ndani hakinywi vizuri, kwahiyo ukikata kile kitako unachokwenda kukifukia unawafungulia mchwa mlango. Kitako kiende chini kama kilivyotoka kiwandani, ukataji wote ufanyike juu, na hapo juu palipokatwa pake dawa ya mbao. Vipande vilivyobaki msipikie wala kuchomea nyama, dawa yake ina sumu na moshi wake ni hatari kweli. Oili chafu ambayo watu wanapaka haifiki popote, inabaki juu juu, halafu inashuka kwenye udongo na kama una kisima hapo nyumbani unajiharibia mwenyewe. Afadhali lami, paka kuanzia kitako mpaka sentimita 30 juu ya ardhi.

Kupima saiti usiwe na haraka. Piga pegi, vuta uzi, pembe zitoe kwa 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari uje mita 5 kamili. Ukimaliza pima mishazari yote miwili ya banda zima, kwenye 6 kwa 6 kila mmoja uwe karibu mita 8.49. Kama haifanani rudia sasa hivi, mana kosa la hapa utakutana nalo kwenye bati, zinaenda upande na huna tena la kufanya.

Mashimo chimba upana sentimita 45, kina mita 1.2. Udongo wa kichanga kama Kigamboni au Mbezi Beach unaporomoka, weka pipa lililotolewa vitako au chimba kidogo kidogo na umwage siku hiyo hiyo. Chini kabisa mwaga zege la sentimita 20 liwe kiti cha nguzo, liache likaze. Kisha toboa nguzo kwa drili sentimita 20 hivi kutoka kitako, pitisha kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa sentimita 35, kitokeze pande zote mbili, na tobo lenyewe ulijaze dawa ya mbao na lami kabla ya kupitisha. Hiyo nondo ndo itashikana na zege upepo ukitaka kung'oa banda. Watu wanadhani paa linaelemea chini tu, lakini banda lililo wazi mbele linajaza upepo na upepo unasukuma juu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu kila mtu alikumbushwa kwamba na sisi tuna upepo.

Simamisha nguzo, piga pima maji pande mbili, ifunge kwa mbao za mshazari isicheze, ndo umwage zege la 1:2:4, yani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kila shimo linakula mfuko mmoja na kidogo. Usimwage mpaka usawa wa ardhi ukaishia hapo, pandisha mpaka sentimita 10 juu ya pale sakafu itakapoishia na uweke mteremko kuzunguka nguzo ili maji yakimbie, yasikae. Mchanga wa baharini usitumie hata ukiletewa kwa bei ya kutupa, chumvi inakula nondo, na kokoto tafuta ngumu kama zile za Lugoba. Acha wiki nzima kabla ya kupandisha uzito wowote, mwagilia asubuhi na jioni.

Kusawazisha vichwa vya nguzo tumia mpira wa maji, ule wa kuona ndani, maji ya ncha zote mbili yanakaa usawa mmoja, haudanganyi. Weka alama mita 2.7 kutoka sakafu itakapokuja, kata. Kisha boriti: mbao za 2x6 mbili, moja ndani moja nje ya nguzo, zikibana nguzo katikati, na zifungwe kwa bolti zinazopita mbao zote na nguzo, bolti mbili kila nguzo, zenye washa. Misumari peke yake hapana. Nasisitiza mana fundi atakwambia inchi sita inatosha, na ni kweli inashika, lakini mbao ikikauka inaachia.

Kenchi piga chini, zote kwa mfano wa ile ya kwanza ili zifanane, halafu mzipandishe. Upana wa mita 6 inua katikati mita 1.1, unapata mteremko kama nyuzi 20, maji yanashuka vizuri na upepo haupati pa kushika sana. Ziweke kila mita 1.2, kila moja ifungwe kwenye boriti kwa mkanda wa chuma unaozunguka juu na kushuka pande zote mbili. Papi, zile mbao za kupigilia bati, zipite juu yake kila sentimita 75 mpaka 90. Mbao za kenchi na papi nenda Buguruni ukachague mwenyewe, shika ubao utazame kwa jicho moja kama umepinda, na ukiulizwa za dawa au za kawaida chukua za dawa.

Bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ndogo ndo bati nene, na kama uko karibu na bahari chukua aluzinki, yani bati lililopakwa aluminiamu na zinki, au ya rangi, za kawaida zinapata kutu mapema. Ulalie, yani bati moja kupanda juu ya jingine, wa pembeni uwe mgongo mmoja na nusu, wa juu kwa chini sentimita 15 au zaidi, na anza kupanga kutoka upande ambao upepo hautokei ili upepo usiingie kwenye maungio. Msumari upite kwenye mgongo wa bati, sio bondeni ambapo maji yanapita.

Sakafu inakuja baada ya paa, ukifanya kazi kivulini zege halikauki ghafla na kupasuka. Ondoa udongo wa juu na mizizi, shindilia kifusi, pulizia dawa ya mchwa, tandaza nailoni nzito, kisha zege sentimita 10. Kwa 6 kwa 6 ni mita za ujazo 3.6, sawa na mifuko kama 23 ya kilo 50, agiza 25. Kama una pikapu ya mizigo nenda sentimita 12. Nyuma iwe juu kuliko mbele kwa sentimita 8 ili maji ya kuosha gari yatoke yenyewe. Kuzunguka kila nguzo zungushia kipande cha boksi au sponji ngumu kabla ya kumwaga, sakafu na nguzo zisishikane mana kila kimoja kinacheza kivyake. Kesho yake kata mistari katikati, urefu na upana, kina kama robo ya unene, zege likitaka kupasuka lipasuke hapo. Mwagilia siku saba bila kuruka, na gari lisubiri wiki tatu au nne.

Kuta ni hiari. Mimi napenda tofali kozi nne chini, juu yake bati au mbao, na sentimita 40 za juu kabisa ziachwe wazi na wavu, mana joto la Dar ndani ya boksi la bati linamaliza plastiki za gari na mipira. Ukifunga kila kitu basi usiwashe gari wala jenereta humo ndani mlango ukiwa umefungwa, ule moshi unaua bila harufu kubwa. Mlango wa kuvuta pembeni ni bora kuliko wa kufungua, upepo hauupigi. Umeme mwite fundi mwenye leseni, waya zipite kwenye paipu, na ateremshe ethi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Gata weka pande zote mbili, peleka kwenye tenki, maji ya vuli utaoshea gari mpaka Januari.

Ikipita kama miezi sita mbao zitakuwa zimesinyaa na nati zitakuwa zimelegea, chukua ngazi na spana ukaze bolti zote tena, na kwenye kila kitako cha nguzo angalia kama kuna njia za udongo za mchwa.