Namna ya Kulifuatilia Jina la Ukoo Lililobadilika kwa Uhamiaji

Familia nyingi zilizohamia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 zina simulizi inayofanana: babu alishuka melini, ofisa wa uhamiaji akashindwa kulitamka jina lake, akaandika alivyosikia, na tangu siku hiyo ukoo ukaitwa vingine. Anayetaka kuujua ukweli wa jina lake aiweke simulizi hiyo kando kwanza, bila kuitupa. Katika kituo cha uhamiaji cha Ellis Island, bandarini New York, kilichofunguliwa tarehe 1 Januari 1892 na kupokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 hadi kilipofungwa mwaka 1954, maofisa hawakuwa na kazi ya kuwaandika wageni majina. Orodha za abiria ziliandaliwa na kampuni za meli tangu bandari ya kuondokea, na ofisa aliyekuwa akimhoji mgeni, mara nyingi kwa msaada wa mkalimani, alifuata yaliyokwisha kuandikwa humo. Kwa hiyo jina likionekana limebadilika, yafaa kuuliza ni nani aliyelibadilisha, lini, na kwa faida gani. Mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, aliyelibadilisha ni mwenye jina mwenyewe, miaka kadhaa baada ya kufika.

Anza kwa wazee walio hai, wala usiishie kuwauliza jina la zamani lilikuwa lipi. Waulize barua kutoka nchi ya asili zilikuja kwa jina gani, kaburi la bibi limeandikwa nini, na ndugu waliobaki nyuma wanaitwaje hadi leo. Kila tahajia utakayoipata inakili kama ilivyo bila kuisahihisha, kwa kuwa kosa la karani aghalabu huhifadhi matamshi ambayo maandishi sahihi yameyapoteza.

Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka cheti cha kifo hadi cha ndoa, na kutoka hapo hadi sensa. Sensa za Marekani hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72, ndiyo maana ile ya mwaka 1950 ilipatikana mwaka 2022. Ya mwaka 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa mwaka 1921, hivyo usipoteze siku zako kuitafuta. Sensa za mwaka 1900 hadi 1930 zinataja mwaka ambao mtu aliingia nchini na kama alikuwa amepata uraia, na habari hizo mbili ndizo zitakazokufikisha kwenye hati za tajinisi, yaani za mgeni kupewa uraia. Huko ndiko ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi. Sheria ya mwaka 1906 ilileta fomu za aina moja nchi nzima, zinazotaja mahali pa kuzaliwa, meli na tarehe ya kuwasili, na iliiruhusu mahakama kumbadilishia mwombaji jina katika shauri lile lile la uraia. Mtu aliyefika akiitwa Schwarz na kuondoka mahakamani akiitwa Black ameacha maandishi ya uamuzi wake.

Utafutaji ukikwama, fikiria sauti kabla ya herufi. Mfumo wa Soundex, uliosajiliwa Marekani mwaka 1918, hukusanya majina yanayokaribiana kimatamshi, kiasi kwamba Smith na Schmidt yote hupata alama S530. Udhaifu wake ni kuitegemea herufi ya kwanza: Horowitz katika Kirusi huandikwa Gorovits, na hapo Soundex haikusaidii. Tena usidhani kila tofauti ni badiliko. Kaka aitwaye Kowalski na dada aitwaye Kowalska wana jina moja, kwa sababu Kipolandi hulinyambua jina kama hilo kwa jinsia.

Ukoo wa Kichina nchini humo unahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, lakini watoto wa raia waliruhusiwa. Na tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906, pamoja na moto wake, lilipoteketeza kumbukumbu za kuzaliwa, ikawa vigumu kupinga dai la mtu kuwa raia kwa kuzaliwa, na wengi wakanunua hati zilizowafanya wana wa watu wasio baba zao. Katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kati ya mwaka 1910 na 1940, walihojiwa kwa kina juu ya nyumba na majirani wa kijiji cha “baba” huyo, na wajukuu wao wamebaki na jina la karatasi, yaani lile la hati zilizonunuliwa. Mtafiti wa ukoo kama huo aende makaburini: mara nyingine jiwe lina jina la karatasi kwa herufi za Kilatini, na jina la damu kwa Kichina. Mafaili ya mahojiano nayo yasomwe kwa tahadhari, maana mengi yaliyosemwa humo yalikaririwa ili kuuficha ukoo halisi.

Unapotafsiri ulichokipata, usikimbilie kusema babu aliukana ukoo wake. Hata familia ya kifalme ya Uingereza iliacha jina lake la Kijerumani, Saxe-Coburg na Gotha, na kujiita Windsor mwezi Julai 1917, chuki dhidi ya Wajerumani ilipopamba moto. Sembuse fundi aliyekuwa akitafuta kazi. Linganisha ndugu wa tumbo moja: nani alibadilisha, nani alibaki na jina la awali, na kila mmoja alioa wapi na kusali wapi.

Katika shajara ya ukoo, mtangulize kila mtu kwa jina alilozaliwa nalo, kisha majina ya baadaye pamoja na mwaka na hati lilimoonekana. Kabla ya kuisambaza, wasomee kwanza wale ambao jina la karatasi ndilo walilolitumia maisha yao yote.