Kikao cha Jumanne na mkungu wa ndizi: namna ya kuendesha klabu ya huduma na kuchangisha fedha mjini Moshi

Klabu ya huduma kwa jamii huanza kwa urahisi na hufa kwa urahisi zaidi. Watu kumi na watano huitana, hupanga kusaidia shule au zahanati, hushona fulana zenye nembo, na baada ya miezi sita kinachobaki ni kundi la WhatsApp lenye salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Nimekuwa katika klabu ya namna hiyo hapa Moshi kwa muda wa kutosha kuona kwamba fedha hupungua mwisho, baada ya vikao kulegea. Mkazi wa Majengo au Pasua anapoombwa mchango huangalia kwanza nani anaomba, na kama mchango wake wa mwaka jana ulionekana ulikokwenda, na majibu ya maswali hayo mawili hupikwa kwenye kikao cha kila wiki. Kwa hiyo nitaanza na kikao, ingawa najua wapo watakaoruka hadi kwenye sehemu ya fedha.

Siku, saa na mahali

Desturi ya klabu hizi kukutana kila wiki ni ya zamani. Paul Harris, wakili wa Chicago, alikutana na wenzake watatu tarehe 23 Februari 1905 na kuanzisha klabu ya Rotary, na jina hilo lilitokana na kuzungusha vikao kutoka ofisi ya mmoja hadi ya mwingine. Klabu za Lions nazo zilianzia mji huohuo mwaka 1917. Mwaka 2016 Rotary ililegeza kanuni, ikaziruhusu klabu zake kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi, na klabu nyingi zilifurahi. Mimi naishauri klabu changa ikutane kila wiki angalau kwa mwaka wa kwanza. Mwanachama akikosa kikao kimoja cha wiki, hakuna kilichoharibika. Akikosa kimoja cha mwezi, atarudi baada ya siku sitini akiwa mgeni, na nusu ya kikao itatumika kumweleza yaliyopita.

Kwa Moshi siku nzuri ni Jumanne au Jumatano. Ijumaa kuna sala ya Waislamu, Jumamosi ni sabato ya wenzetu Wasabato na pia ni siku ya harusi na mazishi, Jumapili ni ibada, na Jumatatu kila mtu anapambana na kazi alizoziacha Ijumaa. Saa kumi na moja na nusu jioni inamfaa mwenye duka na mwenye ofisi, mradi mfunge saa kumi na mbili na nusu bila kuongeza hata dakika kumi, kwa sababu wanachama wanaopanda kwenda Kibosho, Uru au Machame wakikosa daladala za jioni watalipa bodaboda, na anayelipa bodaboda wiki tatu mfululizo haji wiki ya nne. Kuhusu mahali, tafuteni ukumbi mdogo wa hoteli au mgahawa ambao mwenyewe ataridhika na mauzo ya chai na soda bila kudai kodi. Epukeni sehemu yenye baa na muziki. Wapo wasiokunywa ambao hawatalalamika hata siku moja, ila mtashangaa hamwaoni tena.

Saa moja ya kikao

Mwenyekiti afungue kwa saa iliyoandikwa, hata kama wapo watu sita. Akisubiri wachelewaji atawafundisha waliofika mapema nao wachelewe. Baada ya sala fupi au dakika ya ukimya, kama mlivyokubaliana katika katiba yenu, wageni watambulishwe, kisha muhtasari wa kikao kilichopita uthibitishwe. Muhtasari utumwe siku mbili kabla ili usisomwe neno kwa neno. Kuusoma wote kwa sauti ni njia ya uhakika ya kulaza watu.

Kiini cha kikao ni yatokanayo na kikao kilichopita. Hapa ndipo klabu nyingi huyumba, kwa kuwa muhtasari huandikwa hivi: "Ilikubaliwa kwamba shule ifuatiliwe." Na nani? Lini? Katibu aandike jina na tarehe pembeni mwa kila azimio, na mwenyekiti amwite mhusika kwa jina: "Mama Neema, ulisema utaonana na mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa. Tumefikia wapi?" Akijibu kwamba hakupata nafasi, apewe tarehe nyingine bila kusimangwa. Mara ya pili hakuna haja ya kusema mengi, kwani kuitwa tena mbele ya wenzake kunatosha.

Baada ya hapo mhazini asimame. Taarifa yake iwe ya dakika tatu, na isomwe kila wiki hata pale isipobadilika: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Nasisitiza hili kwa sababu taarifa inayosomwa mara moja kwa mwaka huja na maswali ya mwaka mzima, tena kwa sauti za juu, ilhali ya kila wiki huuliziwa maswali madogo yanayojibika palepale kwa kuonyesha risiti. Hesabu ziwe za mifuko miwili isiyochanganywa kamwe: mfuko wa uendeshaji, unaotokana na ada za wanachama na kulipia chai, karatasi na nauli; na mfuko wa huduma, unaopokea fedha za wananchi na kwenda kwenye mradi peke yake. Lions wameliweka sharti hili katika taratibu zao, nasi tuliliiga. Mtu akiuliza mtaani, "Hizi soda mnazokunywa ni za mchango wangu?" unamjibu bila kumeza mate.

Mgeni mzungumzaji apewe dakika kumi na tano: daktari wa hospitali ya KCMC, ofisa maji, mkulima wa kahawa, yeyote mwenye jambo la kueleza. Mpigieni simu siku moja kabla. Mengineyo yawe machache, kisha fungeni.

Lipo pia suala la faini. Klabu yetu ina mshika nidhamu, kijana mcheshi, ambaye hupita na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, akitoza shilingi 500 kwa aliyechelewa, ambaye simu yake imelia, au aliyeonekana gazetini bila kuwaambia wenzake. Sarafu zikigonga bati watu hucheka, na kicheko hicho kina thamani kuliko sarafu zenyewe. Ila mshika nidhamu awe na busara: aliyetoka kwenye msiba hatozwi, na mwenye biashara iliyoyumba hatozwi mbele ya watu.

Kabla ya kumwomba mtu yeyote

Chagueni kitu kimoja kinachoweza kuguswa kwa mkono. "Kuboresha mazingira ya elimu" hakuchangiwi na mtu. Simtanki la lita 5,000 pamoja na gata za kuvunia maji ya mvua katika shule moja ya msingi, hilo linachangiwa, kwa sababu mtu analiona kabla halijanunuliwa. Nendeni shuleni wenyewe, mpime paa kwa futi kamba, mchukue bei kwenye maduka matatu, kisha mgawanye gharama vipande vipande: tangi, kitako cha zege, koki, mita moja ya gata, ujira wa fundi. Asiyeweza kununua tangi anaweza kununua mita mbili za gata, na atawaonyesha wanawe siku ya kupita pale.

Mradi wa shule ya serikali upitie kwa mwalimu mkuu, kamati ya shule na ofisi ya mtendaji wa kata, na barua yenye muhuri ipatikane kabla ya kuchapisha tangazo. Klabu yenyewe iwe imesajiliwa. Kuna usajili kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na upo ule wa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kutegemea shughuli zenu. Benki nayo itadai katiba, cheti na muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini. Wateueni watatu, na kila hundi au uhamisho uidhinishwe na wawili, ambao wasiwe mtu na mkewe. Kwa miamala ya simu, ombeni lipa namba yenye jina la klabu. Mchango unaotumwa kwenye namba binafsi ya mhazini, hata awe mtakatifu, huleta maneno.

Mnada, chakula cha hisani na mengine

Njia ninayoipenda kuliko zote tumeiazima makanisani. Yeyote aliyesali kwenye usharika wa Kilutheri huku mlimani ameuona mnada wa baada ya ibada, ambapo sadaka za mazao huuzwa uwanjani: mayai, jogoo, maparachichi, ndizi. Mwaka mmoja mwanachama wetu alileta mkungu wa ndizi mshare za kupikia mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, ambao sokoni Mbuyuni usingezidi shilingi 20,000. Ukaanzia 10,000. Fundi cherehani akapandisha hadi 25,000, mwenye duka la vipuri akasema 40,000, mama mmoja wa nyuma akaita 45,000 na kuuchukua, halafu akasimama na kusema, "Mimi ndizi ninazo nyumbani, uuzwe tena." Ukauzwa mara tatu. Mnada unahitaji mnadi mwenye ulimi mtamu na sauti, mtu wa kuandika, na mtu wa tatu anayepokea fedha papo hapo. Mnadi asiwe ndiye mpokeaji, na bidhaa isiondoke kabla ya malipo.

Chakula cha hisani kinaleta heshima na picha nzuri, lakini hesabu zake zinadanganya. Tulipoandaa cha kwanza tulikodi ukumbi, mapambo, muziki na mshereheshaji, tukauza kadi kwa bei ya juu, na tulipomaliza kulipa madeni tulibaki na kiasi ambacho kingepatikana kwa kupitisha bahasha kikaoni. Tangu hapo tuna kanuni kwamba gharama zisipite robo ya kinachotarajiwa, na kinachoweza kuombwa kisinunuliwe. Mwenye bucha anaweza kukataa kutoa laki moja na bado akatoa mguu wa mbuzi.

Matembezi ya hisani yanafaa kwa vijana na hayana gharama kubwa, isipokuwa lazima mtoe taarifa polisi mapema kwa sababu ya barabara. Msiyapange wiki ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati mji umejaa wageni na hakuna atakayewatazama. Bahati nasibu ya tiketi inavutia, lakini ni mchezo wa kubahatisha kisheria na uko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hivyo bila kibali achaneni nayo.

Kalenda ya hapa ina tabia yake. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule; anayechangisha Januari anajitafutia kukwepwa njiani. Masika, kati ya Machi na Mei, huharibu shughuli za nje. Ramadhani iheshimiwe. Wiki mbili za mwisho wa Desemba ndizo zenye neema, kwa maana Wachagga walioko Dar es Salaam na kwingineko wamerudi nyumbani, mifuko bado haijatoboka, na kila mmoja anataka kijiji chake kimwone. Maandalizi ya Desemba yaanze Septemba.

Namna ya kuomba na kufuatilia ahadi

Barua ipelekwe kwa mkono, na watu wawili. Kwa mfanyabiashara mwenye umri, mwanzo ni huu: "Shikamoo mzee. Tumetumwa na klabu, hatutakuchukulia muda mrefu. Shule ina watoto mia nne na haina maji, gata zinazohitajika ni mita thelathini, na wewe tumekuandikia mita tano. Kama ni nyingi, utupangie mwenyewe." Kiasi kilichotajwa humsaidia kuamua, na sentensi ya mwisho humwachia nafasi ya kupunguza bila kuaibika. Akisema mrudi wiki ijayo, rudini wiki ijayo. Anayetuma kwa simu akumbushwe kwa upole aongeze na ada ya kutolea pale ambapo makato yapo.

Ahadi isitangazwe kama fedha. Iandikwe kwenye kadi: jina, kiasi, tarehe aliyoitaja yeye mwenyewe. Simu ya kwanza ipigwe ndani ya siku saba, kwani ahadi huchacha kama mbege, pombe yetu ya ndizi. Wapigaji wawe wawili au watatu wenye subira, na asiyetoa baada ya simu ya tatu afutwe kwenye hesabu, ila asifutwe kwenye salamu.

Jihadharini na orodha ya kunakili kwenye WhatsApp. Mmoja ananakili orodha na kuongeza jina lake, mwingine wakati huohuo ananakili ile ya zamani, na jina la katikati linapotea. Mzee mmoja aliyetoa shilingi 50,000 alitafuta jina lake jioni nzima asilione, na akaamini zimeliwa. Ilibidi mwenyekiti na mhazini waende kwake wakiwa na daftari na risiti. Siku hizi orodha inatumwa na katibu peke yake, saa tatu usiku, ikiwa na namba ya stakabadhi kando ya kila jina.

Tangi likishafungwa, waiteni wachangiaji walione, hata wale wa mita moja. Risiti za dukani zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, na yaandikwe makubaliano kuhusu nani atasafisha gata kabla ya mvua za vuli na nani anashika ufunguo wa koki. Katika kikao cha Jumanne inayofuata, kabla ya kupiga makofi, mhazini asome majina ya wenye ahadi ambazo bado hazijalipwa.